Mfumo Uliompongeza Mfiwa

Dada yangu alirudi kutoka semina ya wajasiriamali akiwa na mkoba wa kitambaa, kalamu ya bure na neno "mkakati". Mkoba alimgawia jirani. Kalamu ilikauka wino wiki ileile. Neno ndilo lililobaki, likawa kama mgeni aliyekuja kusalimia akahamia kabisa: linakaa sebuleni, linakula, na hakuna wa kuliuliza linaondoka lini.

"Mdogo wangu," aliniambia kabla hajavua viatu, "sisi hatuna mkakati wa teknolojia."

Nilikuwa nimeinamia rundo la vitambaa vya viti, natenganisha vilivyomwagiwa pilau na vilivyomwagiwa soda.

"Tuna simu," nikasema.

"Simu siyo mkakati."

Mimi na dada tunakodisha mahema, viti, meza na mapambo. Tulianzia Chang'ombe ya hapa Dodoma, uani kwa marehemu mama, tukiwa na viti vya plastiki vya kuhesabika na hema moja lililokuwa linavuja katikati, kwa hiyo kila harusi tuliyoihudumia wakati wa mvua meza ya keki ilikaa pembeni na tukawaambia watu ndiyo mtindo mpya. Kisha serikali ikahamia Dodoma moja kwa moja, na watu wakahama na shughuli zao zote. Waliokuwa na wachumba wakaja kuoana hapa, waliopandishwa vyeo wakaja kupongezana hapa, na ofisi zikaja na mikutano yake ambayo haiwezi kuanza mpaka kila kiti kivalishwe nguo. Tukaongeza mahema. Tukanunua kirikuu cha kubebea mizigo. Tukafungua stoo ya pili Ipagala.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na sitamnyima dada haki yake: balaa lilikuwepo kweli. Stoo mbili, simu mbili, watu wawili wanaopokea oda, lakini mahema ni yaleyale. Jumamosi moja hema letu kubwa jeupe liliahidiwa harusi ya Area D, na likaahidiwa pia kipaimara cha mtoto mmoja Ipagala. Likaenda harusini. Mama wa mtoto wa kipaimara alikaa na wageni wake kwenye jua la Dodoma, akanipigia simu, akaniambia maneno ambayo hadi leo sijui aliyapata wapi mama wa Kikatoliki, tena katekista akiwa amekaa pembeni yake.

Kwa hiyo tulihitaji dawa. Ila dada alikuwa ametoka kwenye semina, na mtu aliyetoka semina hatafuti dawa, anatafuta mshauri.

Mshauri tulimpata kupitia mwanakwaya mwenzake dada. Alikuwa bwana wa makamo kidogo, ametokea Dar es Salaam, suti imembana kila mahali, viatu vya ngozi bila soksi. Bila soksi, Chang'ombe, na vumbi lile. Kadi yake ilikuwa imeandikwa kwamba yeye ni mbunifu wa mageuzi. Dada alimvutia kiti, akakifuta kwa upindo wa khanga, akamkaribisha. Yule bwana hakukaa. Alikitazama kiti kwa muda mrefu, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyecheleweshwa.

"Hiki kiti," akauliza, "kinajua kiko wapi?"

Dada akakitazama kiti. Mimi nikakitazama kiti.

"Kiko hapo mbele yako," nikamwambia.

Akatabasamu kwa huruma. "Mnaona? Nyinyi ndio mnajua. Kiti chenyewe hakijui. Hilo ndilo pengo lenu la kwanza."

Dada akatoa ile kalamu ya semina, ikakataa, akaazima yangu. Aliandika: pengo la kwanza.

Pengo la pili halikuweza kujadiliwa stoo. Mshauri alisema mtu hawezi kufikiri kimkakati huku anaiona kazi yake. Ikabidi tufanye warsha. Tulikodi ukumbi mdogo wa hoteli moja Area D, wenye kiyoyozi kilichomfanya dada ajitande khanga mbili. Nilipokaa nilihisi kitu nakifahamu mgongoni. Nikageuka, nikapekua chini ya nguo ya kiti, nikakuta alama ya rangi nyekundu tunayopaka viti vyetu. Hoteli ile ilikuwa imekodi viti kwetu juzi yake, kisha sisi tukaikodi hoteli. Tulikuwa tumekalia mali yetu wenyewe, kwa bei ya watu wengine. Nikamnong'oneza dada. Akaniambia ninyamaze, tunatafuta maono.

Mshauri aligawa vikaratasi vya njano vyenye gundi. Tuandike ndoto zetu, tubandike ukutani. Aliuliza, "Mteja wenu ni nani?"

"Mtu mwenye shughuli," dada akajibu.

"Hapana. Mteja wenu siyo mtu. Mteja wenu ni safari."

Dada akaandika: mteja ni safari. Mimi nikainua mkono, maana tangu asubuhi nilikuwa na swali moja tu tumboni. "Na siku stoo zote mbili zikiahidi hema moja kwa watu wawili, tunafanyaje?"

Alinishukuru kwa swali. Alinishukuru sana. Halafu akasema, "Hilo ni la kiutendaji. Leo tuko ngazi ya kimkakati. Tutalishukia."

Hatukulishukia. Tulikula kuku na chipsi, tukapiga picha ya pamoja mbele ya vikaratasi, tukatawanyika.

Mkakati ulikuja baada ya wiki kadhaa, umefungwa kwa waya wa duara, jalada linang'aa, na picha ya mkono wa Mzungu unagusa dunia ya rangi ya buluu. Kurasa zilikuwa nyingi na maneno yamekaa mbalimbali kama majani ya mtama mwaka wa njaa. Ulikuwa na awamu tatu: Kujitambua, Kujiunganisha, na Kupaa. Nilimwambia dada kwamba mtu anayekodisha mahema katika mji wenye upepo kama huu hatakiwi kuweka kupaa kwenye mipango yake, maana mwaka uliopita hema letu lilipaa lenyewe bila mkakati wowote, likatua juu ya banda la mbuzi. Hakucheka. Alikuwa anausoma mkakati kwa sauti, asubuhi na jioni, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa ubatizo.

Awamu ya kwanza ilikuwa kuvifanya viti vijitambue. Kila kiti kilibandikwa stika yenye vimistari vyeusi, na vijana wetu wa stoo wakapewa kishikwambi cha kuvipiga picha vinapotoka na vinaporudi. Mfumo ungetuambia kila kiti kiko wapi. Ulituambia kweli. Shida ni kwamba mshauri hakuwahi kukaa kwenye harusi kuanzia saa nane mchana. Gundi ya stika ikipata joto la Dodoma inalainika, na nguo za sherehe zina kawaida ya kukamata kila kitu. Shangazi mmoja wa bwana harusi alicheza kuingia na zawadi, kutoka na zawadi, na kuingia tena, akiwa na kiti chetu makalioni, maana stika ilikuwa imehamia kwenye gauni lake la satini. Video ilizunguka mjini. Kwenye kumbukumbu za mfumo, kile kiti hadi leo hakijarudi.

"Watumiaji wanahitaji kuelimishwa," mshauri akasema tulipompigia.

"Yule shangazi?" nikauliza.

"Soko kwa ujumla."

Awamu ya pili ndiyo iliyotuumiza. Mshauri alitutengenezea ukurasa wa mtandaoni wa kupokelea oda, na akatuwekea sharti kwamba kuanzia sasa kutakuwa na mlango mmoja tu. Hakuna oda ya simu, hakuna oda ya mdomo. Mteja atumiwe linki, ajaze mwenyewe. Dada, ambaye katika maisha yake hajawahi kukataa mazungumzo ya simu, alijikuta amesimama uani, simu sikioni, akimwambia mteja wa miaka yote, "Mama, nakusikia vizuri, lakini siruhusiwi kukusikia. Nakutumia linki." Mteja anauliza linki ni nini. Dada anasema ni mlango. Mteja anasema basi nije hapo mlangoni kwako. Dada anasema hapana, mlango huo hauko hapa.

Siku tunaonyeshwa ule ukurasa kwa mara ya kwanza, dada aliusoma kwa kidole. Mteja alitakiwa achague aina ya shughuli: harusi, kuagwa kwa binti, mkutano, siku ya kuzaliwa, sherehe nyingine.

"Msiba uko wapi?" dada akauliza.

Mshauri akakunja uso kama amesikia harufu. "Niliuondoa makusudi, mama. Hilo neno linaleta hisia hasi kwenye chapa yenu. Sisi tunauza furaha."

"Lakini nusu ya mahema yetu yanakwenda misibani."

"Ndiyo tunataka kutoka huko. Halafu, ukifikiria kwa undani, mama, hata msiba ni sherehe ya maisha."

Niliona dada anataka kubisha. Midomo ilicheza. Lakini mkakati ulikuwa mezani, unang'aa, na yeye alikuwa ameshausifia kwaya nzima. Akasema sawa.

Basi, ukaingia mwezi wa kiangazi kikali, mbingu nyeupe, upepo wa kubeba mabati. Ipagala kulikuwa na mzee mmoja wa Kigogo, mfugaji wa zamani. Nasema wa zamani kwa sababu mji ulimfuata mpaka nyumbani: alikuwa na ng'ombe na mashamba, zikaja barabara, zikaja nyumba za vigae, na siku moja akajikuta katikati ya viwanja vya watumishi wa umma, zizi lake limepakana na ukuta wa mtu mwenye geti la umeme. Mzee huyo alifiwa na mkewe.

Binti yake, mwalimu anayefundisha mkoa mwingine, alipanda basi usiku uleule alipopata habari, na akiwa njiani akapiga simu stoo kuomba hema. Akajibiwa kwa utaratibu: tunakutumia linki. Akaifungua akiwa ndani ya basi, macho yamevimba. Akatafuta msiba, akakosa. Akachagua sherehe nyingine. Kwenye rangi hakuchagua kitu, na mfumo, kwa kuwa haupendi nafasi tupu, ukamchagulia wenyewe kifurushi kinachoitwa Fahari. Kwenye namba ya simu akaandika ya baba yake.

Asubuhi ya maziko vijana wetu walifika na kirikuu. Familia ilikuwa imekwenda kuchukua mwili hospitali. Nyumbani walikuwepo akina mama jirani tu, wanapika, masufuria makubwa, moshi, vicheko vya hapa na pale kama ilivyo popote wanawake wanapopika pamoja. Vijana wakatazama kishikwambi: sherehe, Fahari. Wakatundika vitambaa vyeupe na vya dhahabu, wakafunga mafundo ya utepe kwenye kila nguzo, wakaweka meza ya maharusi mbele na maua yake, wakakimbilia kazi nyingine Area D. Na mwili ukaletwa, ukawekwa pale. Pale kwenye maua.

Sisi hatukujua lolote. Tungejuaje? Kishikwambi kilionyesha alama ya kijani.

Tulichokijua tulikijua siku iliyofuata, mchana, simu ya dada ilipoita. Alikuwa yule binti. Aliongea taratibu, sauti imekauka, na heshima zote.

"Mama, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Nina swali moja tu. Baba anatakiwa amlete nani?"

"Amlete wapi, mwanangu?"

Ndipo akatusimulia. Mzee macho yake hayaoni herufi ndogo. Tangu mkewe afariki simu yake ilikuwa inalia ujumbe, na kila ukiingia alikuwa anampa katekista asome kwa sauti ili waombolezaji wote wasikie, kwa kuwa zilikuwa salamu za pole kutoka kila upande. Katekista ana sauti nzuri ya kusomea. Akasoma wa ndugu wa Singida, akasoma wa shule anayofundisha binti, akafungua na wetu, akausoma kwa sauti ileile ya ibada: "Hongera! Tunatumaini umeifurahia siku yako kubwa. Tupe nyota tano! Karibu tena hivi karibuni, na ukimleta rafiki, mtapata punguzo."

Dada alikaa chini, juu ya rundo la vitambaa. Simu aliishika mapajani kama kitu kilichokufa mkononi mwake. Kisha akampigia mshauri, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie, akamweleza yote.

Mshauri akasema, "Kitaalamu, mfumo umefanya kazi vizuri. Ujumbe umefika kwa wakati, kwa mlengwa sahihi. Tatizo ni kwamba kifo hakikuingizwa kwenye mahitaji."

"Uko wapi sasa hivi?" dada akamuuliza.

"Niko hotelini, mama, naandaa taarifa ya awamu ya tatu."

"Vaa soksi. Tunakupitia twende msibani."

Alikuja kweli. Nilidhani atatafuta udhuru, lakini dada akiongea taratibu namna ile hata mimi huwa sitafuti. Tukabeba sukari na unga, tukambana katikati yetu kwenye kirikuu, mimi nikiendesha, tukaenda Ipagala.

Hema tuliliona tangu kona ya barabara. Lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Vitambaa vimekunjwa vizuri kuliko siku zote, utepe wa dhahabu unameremeta juani, na chini yake wanaume wameketi na makoti mazito, vichwa vimeinama, na wanawake kwenye mikeka wamejifunga vitambaa viunoni. Mzee alikuwa ameketi karibu na meza ya maharusi. Mtu alikuwa ameweka juu ya meza hiyo kandili na picha ya marehemu.

Dada akapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, poleni sana na msiba. Sisi ndio wenye hema hili. Tumekuja kuomba radhi kwa yaliyotokea. Tumekosea vibaya sana."

Mzee alitutazama mmoja mmoja. "Aliyenipongeza ni nani kati yenu?"

Sote wawili, bila kupatana, tulimgeukia mshauri.

"Si mimi, mzee," mshauri akasema haraka. "Ni mfumo."

"Mfumo ndiye nani?"

"Ni... ni mfumo tu, mzee. Wa kompyuta."

"Mwiteni naye aje, tuongee."

"Hawezi kuja, mzee. Yeye yuko kwenye wingu."

Mzee akainua uso juu. Wote tukainua. Nimeshasema kilikuwa kiangazi; kutoka upande mmoja wa mbingu ya Dodoma hadi mwingine hapakuwa na hata pamba ya wingu. Mzee akalitafuta kwa makini, akitumia macho yake yale mabovu, akageukia huku, akageukia kule. Halafu akamrudia mshauri na kumwambia kwa upole, "Simwoni."

Aliyecheka kwanza alikuwa mama mmoja mnene aliyeketi mlangoni. Nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa mtani wao, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata askofu hana: anachekesha, anadhihaki, anadai, na hakuna wa kumkasirikia. Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akainuka, akang'oa fundo la utepe wa dhahabu kwenye nguzo, akaja moja kwa moja hadi kwa mshauri na kumfunga shingoni.

"Jamani!" akapaza sauti. "Tumekaa hapa tangu jana na meza ya maharusi, bwana harusi hatumwoni. Kumbe ndiye huyu! Amechelewa, alikuwa kwenye wingu!"

Akapiga kigelegele. Wanawake kwenye mikeka wakajifunika khanga mdomoni, mabega yakawa yanatikisika. Mshauri akajaribu kuchomoa utepe. Mtani akamzaba kofi mkononi. Akamwambia bwana harusi wa kwao hali wali wa bure, akamshika mkono, akampeleka jikoni nyuma ya nyumba, akamkabidhi sufuria lililopikiwa makande tangu asubuhi, mchanga na dumu la maji. Nilisogea kidogo nikachungulia. Alikuwa amechuchumaa na suti yake, utepe unaning'inia, anakwangua ukoko, na wanawake wanne wamemzunguka wakimweleza kwamba anashika vibaya. Sitaki kusema uongo kwamba nilimhurumia.

Huku mbele dada alikuwa ameshasimama na kuwapigia vijana wetu simu waje kufungua vitambaa mara moja. Mzee akainua mkono.

"Acheni."

"Baba, ni aibu. Tutaleta hema la kawaida, saa hii hii."

"Acheni," akarudia. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, "Mimi na mama yenu tulibariki ndoa tuna wajukuu tayari. Padri alikuwa anapita, akatukuta tumetoka zizini, akatubariki na akina fulani wengine, tukarudi kukamua. Hapakuwa na hema. Hata kitambaa. Mji ulipokuja huku, zikaanza harusi hizi zenu. Mama yenu akipita mahali akaona vitambaa hivi, atasimama. Ananiambia, ona wenzako. Ona wenzako wanavyofanyiwa." Akaugusa utepe uliokuwa karibu naye. "Jana nilivyofika na mwili nikaviona, nikafikiri nimechanganyikiwa. Sikuuliza mtu. Nikasema basi, naye amewekewa."

Dada alianza kulia. Binti wa mzee, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, alikuwa akisikia hayo kwa mara ya kwanza. Niliona kwenye uso wake.

"Lakini msifikiri mmefanya vizuri," mzee akaendelea, na safari hii alitutazama. "Mmefanya vibaya. Mlinipongeza mbele za watu, mke wangu hata udongo haujakauka. Vitambaa viacheni mpaka tuanue matanga. Ile simu yenu isinitafute tena."

"Haitakutafuta, baba."

"Na rafiki simleti."

Watu wakacheka tena, na yeye akacheka, kicheko kifupi kilichokwama njiani na kugeuka kitu kingine, na binti yake akamshika bega. Tulikaa mpaka jua lilipoanza kupoa. Dada aliingia jikoni na akina mama, mimi nikasaidia kupanga viti.

Tulipoondoka, mshauri alikuwa na masizi mpaka kwenye kola. Alijifuta kwa leso kwa mwendo mzuri. Nikaanza kufikiri kwamba labda amepata jambo la kutafakari. Kabla hatujaingia lami akakohoa, akasema, "Lakini mmeona, mama? Mwishowe mteja ameridhika. Hiyo nitaiingiza kwenye taarifa kama thamani ya kihisia."

"Simamisha gari," dada akaniambia.

Nikasimamisha. Dada akafungua mlango, akashuka, akamwachia nafasi ya kupita. "Bajaji zinapita hapa," akamwambia. "Usiku mwema." Ulikuwa mchana bado.

Mkakati uliofuata tuliufanya wenyewe, stoo Chang'ombe, tukiwa tunakunja vitambaa, kazi ikiwa mbele ya macho yetu. Sitausifia, maana hauna jalada. Tulizima ujumbe wote unaojituma wenyewe. Tukabandua stika, kazi iliyotuchukua muda mrefu kuliko kuzibandika. Tukakubaliana kwamba stoo zote mbili zitumie kalenda moja kwenye simu, ile inayokuja na simu, ambayo ukiandika Ipagala inaonekana Chang'ombe papo hapo. Tangu hapo hema halijaahidiwa watu wawili. Mteja apige akitaka kupiga, aje akitaka kuja. Linki tuliiacha kwa ajili ya maofisi, kwa sababu watu wa maofisi wanaipenda: inawaepusha kuongea na binadamu. Na msiba ukitokea, hakuna anayetumiwa kitu. Mmoja wetu anapiga simu, halafu anakwenda.

Habari ya yule mzee ilienea mjini, kila mtu akaiongezea chumvi yake. Kuna siku alikuja mama mmoja mwenye duka la keki, pale pale Chang'ombe, biashara yake imekua, anataka kufungua tawi. Akamwomba dada amsimulie mwenyewe, kutoka mdomoni. Dada akamsimulia yote: stika ya shangazi, wingu, sufuria la makande. Yule mama alicheka hadi akavua miwani na kufuta machozi. Akacheka, akapumzika, akaanza upya. Akasema jamani, kuna watu hapa duniani. Akasema yeye asingekubali hata siku moja.

Kisha akavaa miwani, akasogeza kiti karibu, akashusha sauti.

"Na huyo mshauri," akasema, "namba yake bado unayo?"

Dada akachukua simu, akaitafuta namba, akamsomea taratibu, na yule mama akaiandika.

"Anapenda makande," dada akamwambia.